Sungura wa Dar anataka ukavu na hewa, si blanketi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Masika yakikaribia, mabanda ya sungura mitaani kwetu huanza kuvalishwa. Turubai la buluu huzungushwa pande zote nne, blanketi kuukuu hutandikwa ndani, na wengine huvuta waya kutoka sebuleni wakaning'iniza balbu juu ya kichwa cha mnyama. Asili ya ushauri huo ni maandishi ya Ulaya yanayoeleza namna ya kumvusha sungura wa nje katika majira ya baridi kali. Ulitafsiriwa haraka haraka, ukasambazwa kwenye simu, na sasa unarudiwa hata na wauzaji wa sungura. Kule ulikoandikiwa ni ushauri wa maana. Hapa unaua, kisha baridi inasingiziwa.

Joto la mwili la sungura mwenye afya ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Ana manyoya ya tabaka mbili, hatoki jasho, na hupunguza joto kwa masikio na kwa pumzi basi. Hewa inayomstarehesha ni ya nyuzi 10 hadi 20 hivi. Ikivuka 28 anaanza kutaabika. Ikifika 35 na hakuna upepo, anaweza kufa mchana huohuo. Sasa tazama Dar es Salaam: usiku wa Julai na Agosti, ambao sisi binadamu tunavalia sweta, kipimajoto hakishuki sana chini ya 18. Mchana wa mwezi wa tatu unapita 30. Kwa hiyo ule usiku tunaomwonea huruma ndio muda anaopumua vizuri kuliko wote katika mwaka.

Hata kule Njombe na Makete, ambako Juni na Julai umande huganda mashambani, sungura mzima aliye mkavu, asiyepigwa na upepo, mwenye nyasi kavu za kutosha kujifukia, huvuka bila taa. Uingereza wanaofuga nje hujaza mabua makavu kwenye chumba cha kulala, hufunika mbele ya banda usiku, na kazi yao kubwa ya asubuhi ni kuyeyusha maji yaliyoganda kwenye chupa. Ukisoma maandishi yao kwa makini utaona kwamba hata wao hutanguliza ukavu, wakafuatisha kinga ya upepo, joto likaja mwisho. Waliotutafsiria wamebeba la mwisho wakaacha mawili ya mwanzo.

Mvua inamdhuru vipi basi, ikiwa hali ya hewa ni ya joto? Manyoya yakilowa hulala, na ile hewa iliyokuwa imeshikwa kati ya nywele hutoka. Nywele za ndani ni nyingi na laini mno. Katika unyevu wa Aprili huchukua saa nyingi kukauka, na ngozi iliyo chini yake hulainika na kuchubuka. Aliyelowa hujikunyata, haendi kwenye chakula, na sungura asipokula utumbo wake husimama. Aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama macho yake yanang'aa.

Lakini linaloua wengi zaidi ni hewa iliyofungiwa. Mkojo wa sungura ukikutana na kinyesi na unyevu hutoa amonia, na amonia huanzia sakafuni, mahali ambapo pua yake ipo muda wote. Turubai lililozungushwa pande nne huishikilia humo. Amonia huchubua utando wa njia ya hewa, na hapo ndipo bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye sungura wengi hutembea naye puani bila dalili yoyote, hupata mlango wa kushuka kifuani. Mafua hayo tunayoyaita ya baridi chanzo chake ni hicho. Usisubiri kuona makamasi. Shika mguu wa mbele, geuza upande wa ndani juu ya kucha: manyoya yakiwa yamegandamana au yana ukoko, amekuwa akijifuta pua kwa siku kadhaa.

Kipimo cha hewa hakihitaji kifaa. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafungua chochote wala kufagia, piga magoti, peleka uso wako usawa wa sakafu ya banda, vuta pumzi mara tatu kwa pua. Ukali ukikupanda puani au macho yakawasha, banda limefungwa mno au maranda yamechelewa kubadilishwa, na kwa kawaida ni yote mawili.

Tuje kwenye banda lenyewe, maana hapa ndipo pesa huliwa bure. Kwa sungura wawili wa kufugwa nyumbani, banda lisipungue urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, na hapo tunahesabu kwamba kila siku wanatolewa kukimbia uani. Theluthi moja iwe chumba cha mbao cha kulala, theluthi mbili zilizobaki ziwe na wavu mbele. Miguu iwe ya mbao za inchi mbili kwa nne, urefu wa sentimita 90 kutoka ardhini. Kwa mifupa ya banda, mbili kwa mbili zinatosha.

Elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige zile kuta fupi za mbao na si wavu. Mgongo uwe kusini. Kusi huanza kushika Aprili na mvua nyingi ya masika inasukumwa kutoka upande huo. Ukiweka wavu kusini utakuwa unakausha sakafu kila siku hadi Juni. Ukuta huo wa nyuma uwe wa mbao zilizobanana, ila acha mwanya wa sentimita 10 chini ya paa kwa urefu wote, uuzibe kwa wavu wa nusu inchi. Hewa ya moto na mvuke hupanda na kutokea hapo. Fundi atakuambia mwanya utaingiza mvua. Ukiwa na upenu hautaingiza.

Upenu wa mbele ufike sentimita 60. Hesabu yake ni nyepesi: mvua inayokuja imelala kwa nyuzi 45, upenu wa sentimita 60 unakinga sentimita 60 kwenda chini, ambazo ndizo kimo cha banda. Ila hesabu hiyo inaanzia kwenye ncha ya upenu. Ikiwa umeinua paa la mbele sentimita 15 juu ya wavu ili kupata mteremko, umebakiwa na kinga ya 45 tu, na zile 15 za chini zitalowa kila siku. Rekebisha kwa kupigilia ubao wa sentimita 15 ukining'inia kwenye ncha ya upenu. Nyuma na pembeni, upenu wa 30 hadi 40 unatosha. Usiukate wa mbele kwa kuwa kusi haliufikii: vuli huja na upepo wa kaskazi, na mvua yake ya Novemba hupiga upande huohuo ulioacha wazi.

Paa liwe bati la geji 28, literemke kuelekea nyuma sentimita 25 kwa kila mita. Misumari ipigwe kwenye migongo ya bati, si kwenye mabonde, na kila mmoja uwe na raba yake. Tumekwisha kuona mabanda mazuri yanavuja kwa sababu ya misumari minne tu ya bondeni. Bati tupu lina ubaya mwingine ambao wengi hawaujui: mbali na kuchoma mchana, alfajiri hutoka jasho kwa ndani, na matone yake hudondoka juu ya maranda. Mwenye banda huona pamelowa, akadhani panavuja, akaongeza turubai. Dawa ni dari. Plaiwudi nyembamba au hata mkeka uliobanwa kwa fito, ukiacha nafasi ya sentimita 10 kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe wazi ncha zote mbili ili upepo upite. Wapo wanaoweka tabaka moja la makuti juu ya bati kwa ajili ya jua la Januari. Ni jambo zuri, lakini yaondoe kabla ya Aprili. Yakishalowa yanaoza na panya huzaa humo.

Maji yanayotoka kwenye paa nayo yana njia yake ya kurudi. Yakidondoka kwenye udongo hurusha matope na vijidudu hadi nusu mita juu, wakati mwingine zaidi. Chimba mkondo wa upana wa sentimita 40 chini ya ncha ya paa, kina cha sentimita 10, ujaze kokoto. Kama una kipande cha gata, kiweke nyuma na umwage maji mbali na miguu ya banda. Kigamboni, Msasani na kwingine karibu na bahari, chumvi ya hewani ikishirikiana na mkojo hula wavu haraka. Kagua viungo vya wavu kwa kidole kila mwezi, maana waya uliokatika huchana unyayo.

Turubai hatulikatai. Tunakataa linavyofungwa. Litundike mbele tu, kwenye ncha ya upenu, lisigusane na wavu, ili kati yake na sungura kuwe na zile sentimita 60 za hewa, na pembeni pabaki wazi. Chini lifungie fito au kipande cha bomba ili upepo usilipeperushe. Mvua ikikatika, likunje juu palepale. Turubai lililosahauliwa jua likichomoza saa tatu hugeuza banda kuwa tanuri. Magunia ya katani yanapendwa kwa kuwa yanaonekana ya asili, lakini hunywa maji na kukaa nayo kutwa nzima; salfeti hukauka upesi. Chochote utakachotumia, kiwe mbali na meno. Sungura akimeza nyuzi za plastiki zinamziba utumbo.

Na ile balbu iondoe. Waya wa umeme, maji ya mvua na mnyama anayeguguna kila kilicho mbele yake haviwekwi mahali pamoja.

Sakafu. Wavu wa kuku ule wa matundu ya pembe sita haufai: ni mwembamba, unakata nyayo, na panya mchanga anapita. Tumia wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, na weka juu yake kibao laini cha sentimita 30 kwa 40 cha kupumzikia. Anayesimama juu ya waya mtupu, hasa waya wenye mkojo, hupata vidonda vya visigino, na vidonda hivyo vikishaingia usaha kupona kwake ni shida. Kibao kiwe viwili; kimoja kikioshwa kingine kinatumika.

Chumba cha kulala kina sakafu ya mbao, maranda ya kina cha sentimita 8, na juu yake nyasi kavu. Kwa chumba cha 60 kwa 60, hiyo ni ndoo moja na nusu ya lita 20. Wakati wa mvua maranda yote hubadilishwa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo unahitaji ndoo tatu kila wiki, ndoo 36 kwa wiki 12 za masika. Yakusanye Februari yakiwa makavu, yatie kwenye salfeti, yaweke ndani. Ukienda Keko Aprili kutafuta maranda utakuta nayo yamenyeshewa. Pale karakana waulize ni ya mbao gani: ya mbao za dawa, zile za kijani zinazopakwa kuzuia mchwa, usiyachukue, maana sungura atayatafuna. Ya paina mbichi inayonuka sana yaanike siku mbili kwanza. Na ni maranda tunayosema, si vumbi la mbao. Vumbi linampigisha chafya usiku kucha na wewe utaenda kununua dawa ya mafua.

Sungura huchagua kona moja ya kukojolea. Mwachie hiyo kona, weka beseni lenye maranda na nyasi juu yake, na kila asubuhi umwage. Kazi ya dakika tano hiyo hupunguza unyevu wa banda zima kuliko turubai lolote. Kuosha kwa maji siku ya mvua ni kujiongezea tatizo: kwangua kwa kikwangulio, piga brashi kavu, ngoja siku yenye jua. Jua likitoka saa nne, hamisha wanyama, mwagia maji yanayochemka, acha wazi hadi alasiri.

Maji yanayochemka tumeyasema kwa sababu maalumu. Ugonjwa unaomaliza watoto wa sungura wa wiki 4 hadi 12 kipindi hiki ni koksidia, unaoletwa na vimelea vidogo vya utumbo na ini. Mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana nguvu ya kuambukiza. Yanahitaji joto, unyevu na siku mbili tatu hivi kukomaa. Dar ya Aprili inayapa yote. Klorini ya kufulia hayaisikii. Yanachoogopa ni maji ya moto, jua na ukavu, na zaidi ya hayo kuondolewa kabla ya kukomaa. Ndiyo maana kinyesi kinachoondolewa kila siku ni kinga, na kinachoondolewa Jumamosi kwa Jumamosi ni ugonjwa. Mtoto aliyepata ana tumbo kubwa, mgongo wenye mifupa inayohesabika, nywele zisizolala, na anaharisha. Akipasuliwa baada ya kufa, kwa aina inayoshika ini, utaona madoa meupe juu ya ini. Dawa zipo, amproliamu na zile za salfa, lakini ukimrudisha kwenye banda lilelile chafu umetupa pesa.

Chakula ndicho kinachosahaulika. Nyasi mbichi zilizokatwa na mvua juu yake, zikarundikwa ndani ya mfuko, huchemka; ukizitia mkono katikati unasikia joto. Sungura akizila anajaa gesi, na hana uwezo wa kutapika. Kata saa tano umande ukishaondoka, tandaza barazani juu ya wavu au chaga, lisha siku ya pili zikiwa zimenyauka. Matembele na mchicha vivyo hivyo, tena kidogo. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi usimpe kabisa. Nyasi za kingo za Mto Msimbazi na mitaro baada ya mafuriko usizikate.

Nyasi kavu ndizo ziwe sehemu kubwa ya mlo, na wakati wa mvua ndizo pia joto lake: utumbo unaosaga nyasi hutoa joto kutoka ndani. Sungura wa kilo 3 anamaliza gramu 120 hadi 150 kwa siku. Wawili kwa siku 90 ni kilo 22 hadi 27, yaani marobota mawili ya kawaida kwa makadirio. Yanunue kabla ya Machi. Yaweke juu ya chaga sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta kiasi hichohicho, maana ukuta wa tofali unanyonya maji na robota linayanyonya kutoka kwake. Robota lenye ukungu halinyofolewi upande mbaya ukalisha mzuri. Lote ni la mbolea. Pumba za mahindi zilizopata unyevu zina hatari ya sumukuvu, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Nunua za wiki moja, si za mwezi.

Maji ya kunywa anahitaji hata siku ya mvua, karibu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake. Bakuli jepesi la plastiki hupinduliwa na kulowesha nyasi zote. Tumia la udongo zito, au chupa yenye nipo, yaani kichuchu cha kunywea, iliyofungwa nje ya wavu, na chini ya nipo pasiwe na maranda.

Mahali pekee ambapo joto ni suala la kweli ni kwenye kisanduku cha watoto. Jike hubeba mimba siku 31 hivi. Siku ya 28 mwekee kisanduku cha sentimita 45 kwa 30, kimo 30, chenye vitundu chini vya kutolea unyevu, maranda sentimita 5, na nyasi kavu laini hadi juu. Atajinyofoa manyoya mwenyewe. Watoto huzaliwa uchi na vipofu, na kiota chao kinapaswa kuwa na joto la nyuzi 30 hivi, ambalo wanalipata kwa kubanana. Anayekutwa nje ya kiota asubuhi, baridi kama jiwe, asitupwe haraka: mpashe polepole kiganjani au kwenye kitambaa juu ya chupa ya maji vuguvugu, kisha umrudishe katikati ya wenzake. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku kwa dakika chache, kwa hiyo usimhukumu kwamba amewatelekeza. Angalia matumbo, yakiwa ya mviringo ameshapita. Pamba ya dukani usiweke, inajizungusha miguuni na kuwakata damu. Na mchana wa joto ukiwakuta wametawanyika wakihema, punguza manyoya ya juu, jioni uyarudishe.

Ukurutu wa masikio na wa pua hupamba moto mabanda yakiwa na unyevu na msongamano. Ukoko wa sikioni usiubandue, unatoa damu na kumuumiza bure. Sindano ya aivamektini ya asilimia 1 hutibu, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, na kurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Kwa sungura wa kilo 3 hiyo ni karibu mililita 0.1, tone tu, kwa hiyo inapimwa kwa sindano ndogo ya insulini na anayejua kuchoma. Wanaokisia kwa bomba la sindano la ng'ombe wanajua kilichowapata.

Tukiwa kwenye dawa, na hapa tunaomba wenye maduka ya dawa za mifugo wasome pia: amoksisilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, linkomaisini na klindamaisini huua sungura. Zinafyeka bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wanachukua nafasi, na baada ya siku chache anaharisha na kufa, huku mwenyewe akiamini dawa imechelewa. Matone ya fipronili ya kuua kupe wa mbwa nayo ni sumu kwake. Ule unga wa antibiotiki wa kuku unaotiwa kwenye maji eti kinga ya masika haukingi kitu. Utakachovuna ni usugu.

Nzi ni wa kila siku. Sungura mwenye kinyesi kilichoganda nyuma, katika joto hili, nzi akitaga asubuhi funza wanaweza kuwa wameanguliwa kabla ya kesho yake. Kila jioni mwinue, tazama chini ya mkia. Ukikuta wameshaanza, ondoa kwa kibanio, kausha, nenda kwa daktari usiku huohuo. Hawangoji.

Siafu hutoka ardhini maji yakijaa mashimo yao, na usiku mmoja huweza kumaliza kiota kizima. Kusimamisha miguu ya banda kwenye makopo ya oili chafu ni njia nzuri, hadi mvua inyeshe: maji hujaza kopo, oili huelea na kumwagika, siku ya pili kopo lina maji matupu na majani yaliyoangukia yamekuwa daraja. Pigilia juu ya kila kopo, kwenye mguu wenyewe, kibati cha mduara kipana kuliko mdomo wa kopo, kikae kama mwavuli. Sehemu iliyo kati ya kibati na kopo paka grisi, upya kila wiki. Tawi la mpapai linalogusa paa litakufuta kazi yote hiyo, likate. Kunguru hawa weusi wa jiji nao wanajua siku za kuzaa kuliko sisi. Kisanduku kisikae karibu na wavu.

Kwa wanaokaa mabondeni, Jangwani, Kigogo na kando ya Msimbazi, miguu ya sentimita 90 isikudanganye. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia ndani ya nyumba za watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, siku hiyohiyo weka karibu kreti mbili zenye mfuniko, nyasi za siku tatu na chupa ya maji, na uamue mapema ni baraza la nani la juu utakapopeleka. Dume na dume usiwachanganye kwenye kreti moja, watachanana njiani. Aliyenyeshewa kaushwe kwa taulo hadi ngozini, hasa tumbo na kati ya mapaja, awekwe chumba kisicho na upepo, apewe nyasi kavu mbele ya pua. Asiwekwe karibu na jiko la mkaa: moshi wake ni mbaya kuliko ubichi.

Na wakifa wawili kwa wiki moja, usizike wa pili. Mtie kwenye mfuko wa plastiki, weka mfuko huo katika mwingine wenye barafu, asigandishwe kwenye friza kwa sababu nyama ikiganda haisomeki vizuri, na umfikishe ndani ya saa chache Temeke Veterinari, kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari. Chukua na kinyesi kibichi cha waliobaki kwenye kichupa kisafi, kiasi cha kijiko kimoja, na andika kwenye karatasi umri wao, chakula walichokula, na dawa zote walizopewa, hata zile ulizopewa na jirani.

Wafugaji wa sungura na fundi mabanda,
Kimara, Dar es Salaam